Msiba wa Shangazi Damari

"Damari, sufuria hilo utalitoboa. Nani atalilipa?"

Aliyesema hivyo ni Agripina, mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana cha akina mama wa Unyambwa, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na moyo mwema ambao watu walichelewa kuugundua kwa sababu ya sauti hiyo. Damari alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba ya Theresia, anasugua sufuria kubwa la msiba kwa majivu na gunzi. Masizi yalikuwa yametoka kitambo. Sufuria lilikuwa linang'aa, na bado alikuwa anasugua.

"Nakaribia kumaliza, mwenyekiti."

"Umekaribia tangu asubuhi. Matanga yameanuliwa, mikeka imekunjwa, hata mfiwa mwenyewe ameshika ufagio. Twende makwetu, dada."

Matanga yalikuwa ya marehemu Emilian, mume wa Theresia. Tangu siku ya kwanza Damari ndiye aliyewasha moto kabla majogoo hayajawika, ndiye aliyesonga ugali wa halaiki kwa mwiko wake mwenyewe, mrefu kama mpini wa jembe, na usiku alijilaza mikekani katikati ya akina mama wenzake. Hakuna aliyelishangaa hilo. Unyambwa haikuwa na msiba bila Damari, na kwa kuwa hakuolewa wala hakuzaa, hata apate jina la mama fulani, wadogo kwa wakubwa walimwita Shangazi.

Theresia akatokea mlangoni, macho bado mekundu. "Shangazi, umehangaika mno na sisi. Nimekuitia bodaboda ikufikishe mjini kwa Nathanaeli. Nimeshamlipa."

Damari akaliachia gunzi. "Aa, mwanangu, pesa hiyo ungenunulia sukari. Mimi natembea tu, miguu bado ninayo."

"Katu! Na umri huo? Nimemwambia akufikishe mlangoni."

Basi, afanyeje? Akapanda pikipiki na kifurushi chake mapajani, akapelekwa mjini. Walipofika karibu na stendi alimgusa kijana begani akamwambia amwache hapo hapo, mlango uko nyuma ya lile duka. Akamshukuru, akamwombea kwa Mungu amwongezee. Pikipiki ilipopotea kwenye kona, Damari akajitwika kifurushi chake, akageuka, akaanza kutembea kurudi Unyambwa alikotoka. Njia nzima alimshukuru Theresia kwa dhati, na njia nzima alitamani ile nauli angepewa mkononi.

*

Ukweli ni kwamba Damari hakuwa na kwake. Mjini walijua yuko kijijini, na kijijini walijua yuko mjini.

Nyumba yake ilikuwa tembe aliyoachiwa na marehemu mama yake, kuta za udongo na paa la udongo juu ya miti, kama zilivyokuwa nyumba za wazee. Aprili mvua ilinyesha mfululizo, paa likanywa maji mpaka likazidiwa. Damari alirudi kutoka kisimani akakuta nyumba imelala chini. Alikaa juu ya ndoo yake, akamshukuru Mungu kwamba hakuwamo ndani, na baada ya kushukuru ndipo akalia.

Nathanaeli, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuja kumchukua mwenyewe. Ni kijana mwema, muuza vitunguu sokoni, ana mke na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga. Akina mama wa Unyambwa walimsindikiza Damari kwa vigelegele: jamani, Shangazi naye kapata mtoto, anaenda kula maisha mjini! Alikula maisha hayo wiki chache tu. Mwenye nyumba alianza kuhesabu vichwa kwenye bili ya maji. Halafu siku moja mchana, nyuma ya pazia, Damari akamsikia Rahel, mke wa Nathanaeli, anamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Shangazi nampenda, baba Joeli. Lakini sebule ndiyo chumba cha watoto. Yeye alale wapi, na wao walale wapi?"

Rahel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, na Damari aliliona hilo kuliko Rahel mwenyewe. Kesho yake akawaambia kwamba majirani wa Unyambwa wamejitolea kumjengea, anarudi nyumbani. Nathanaeli aliamini kwa sababu alihitaji kuamini. Akampa elfu kumi na kitita cha vitunguu, na Damari akashukuru hata Rahel akaona haya.

Angerudije sasa, mtu aliyeagwa kwa vigelegele? Angesema nini? Bahati yake, kama hiyo ni bahati, alishuka Unyambwa siku ambayo kuna mtu amefariki. Akaingia msibani moja kwa moja. Kulikuwa na moto, chakula, mkeka na watu wa kuongea nao, na hakuna aliyemuuliza kalala wapi. Wiki iliyofuata ukatokea mwingine. Hivyo ndivyo Damari alivyoanza kuishi misibani. Hakula bure hata siku moja. Kila tonge alililipa kwa kuni, kwa maji na kwa mikono yake. Lakini matanga yalipoanuliwa alikuwa wa mwisho kuondoka, na hapo ndipo masufuria yalipoiona hasira ya majivu yake.

Siku za katikati ya msiba na msiba alilala kwenye banda la mashudu nyuma ya mashine ya kukamulia alizeti. Mlinzi wa mashine, Antipasi, alijifanya haoni. Tena alijifanya kwa ustadi, maana asubuhi alikuwa anaacha kikombe cha uji juu ya tofali na kulalamika kwa sauti kwamba siku hizi tumbo lake halitaki uji. Damari alikunywa, akaosha kikombe, akakirudisha juu ya tofali. Wengine waliomkuta pale au kanisani aliwaambia ametoka mjini asubuhi hiyo, atarudi jioni.

Baada ya Emilian, watu wakaacha kufa. Alizeti ilikuwa imevunwa, maghala yana uwele, watoto wamenenepa, hata wazee wenye pumu walikuwa wanacheza bao. Kijiji kizima kilikuwa kinamshukuru Mungu kwa afya, na Damari naye alishukuru kanisani pamoja na wenzake, halafu akarudi bandani. Mwezi wa kumi ukaingia, mawingu yakaanza kujikusanya mchana, na Antipasi akaja kusimama mbele ya banda huku anaangalia pembeni.

"Bosi kasema mwisho wa mwezi anataka banda tupu," akasema. "Sijui alikuwa ananiambia mimi au anawaambia panya."

"Nimesikia, mwanangu. Asante kwa kuniambia."

Ndipo akaanza kumuulizia mzee Hosea. Hosea alikuwa anaumwa kifua, na kila mwanamke aliyeleta alizeti mashineni alikuwa na habari zake. "Mh, Shangazi, hali si nzuri. Amepelekwa hospitali ya mkoa." Damari aliposikia hivyo kitu fulani ndani yake kiliruka kwa furaha, naye akakiogopa kitu hicho kama mtu aliyeona nyoka kitandani. Alisali rozari nzima Hosea apone. Alipofika mwisho wa rozari hakujua kama aliomba kwa dhati.

*

Jumamosi asubuhi ulipita mkokoteni umebeba mabenchi ya kanisa. Ukafuata wa pili, na turubai la kikundi. Baadaye kidogo akapita Agripina mwenyewe, sufuria kubwa kichwani, na wote walielekea upande mmoja: kwa Gaspari, mtoto wa mzee Hosea.

"Kwa Gaspari kuna watu tangu alfajiri," alisema Antipasi.

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Sufuria la Agripina halikuwa na kawaida ya kutembea bure. Damari alifunga kifurushi chake, akachukua mwiko wake, akashika njia.

Sasa, Unyambwa mtu hafiki msibani kimya kimya kama anaenda dukani. Kilio kinaanzia kwenye uzio wa jirani, mikono kichwani, na marehemu anatajwa kwa jina na kwa mema yake. Damari alikuwa fundi wa kulia. Alianza kwa sauti ya wastani, kwa Kinyaturu, akamtaja Hosea aliyesalimia mkubwa na mdogo, Hosea ambaye hakupita mahali pana mzigo bila kuushika, Hosea aliyeikatia nguzo nyumba ya mama yake Damari angali kijana. Alipofika kwenye hizo nguzo sauti ilimkatika. Machozi yakaja ya kweli, mengi, ya Hosea na ya nyumba na ya miezi yote ile, na akaingia uani kwa Gaspari anapepesuka, analia, "Umetuacha na nani, Hosea? Umetuacha na nani?"

Chini ya turubai walikuwa wamekaa wageni wenye suti kutoka Ikungi. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye uzio. Sara, binti wa Gaspari, alikuwa amevaa kitenge kipya na hereni, na harufu iliyokuwa hewani ilikuwa ya pilau. Ilikuwa siku ya kupokea mahari. Turubai ni lile lile, mabenchi ni yale yale, sufuria ni lile lile, na kwenye kiti cha mbele, amefunikwa blanketi magotini, chupa ya Fanta mkononi, alikuwa ameketi mzee Hosea. Walikuwa wamemrudisha kutoka hospitali jana yake jioni ili aje ampokelee mjukuu wake mahari.

Uani pakawa kimya mpaka mbuzi wakasikika wanatafuna.

Hosea akaiweka chini chupa yake. "Damari," akasema, "mimi nimekufa lini?"

*

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa shangazi wa bwana harusi. "Hivi ndivyo mnavyopokea wageni huku kwenu?" Akageuka kwa wenzake, na hakupunguza sauti. "Anayemlilia mtu kabla hajafa, basi kifo chake anakijua."

Maneno hayo kuyasoma kwenye karatasi ni mepesi. Kwa mwanamke mzee asiye na mume wala mtoto, mbele ya watu wengi, si mepesi hata kidogo, na kila aliyekuwa pale alijua yanakoweza kufika. Wengine wakaanza kumchunguza Damari macho, kama ni mekundu ya kichawi.

Gaspari aliruka kutoka kitini, uso umemwiva kwa aibu. "Shangazi, nani kakutuma? Siku ya mwanangu, Shangazi! Nani kakutuma?" Akamshika mkono kumtoa nje, na katika kuvutana huko kifurushi kikaanguka, kikafunguka. Vikamwagika chini blanketi, sufuria dogo, bakuli, khanga mbili, rozari, na jembe lisilo na mpini.

Agripina alitoka jikoni huku anafuta mikono. Aliviangalia vile vitu kimoja kimoja. Akainama, akaliokota jembe.

"Mwache, Gaspari." Halafu, kwa sauti ambayo watu wa Unyambwa hawakujua kama anayo, akauliza, "Dada Damari, mwanamke gani anakuja msibani na jembe? Nathanaeli anajua uko wapi?"

"Anajua niko huku."

"Na sisi huku tunajua uko kwake." Agripina akaligeuza jembe mkononi. "Tangu lini?"

Damari alimpita. Alimwendea Hosea, akapiga magoti mbele ya kile kiti, maana aliona kwamba uongo mwingine hana tena pa kuuweka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Damari."

"Kaka, nisamehe. Sikukuombea mabaya, Mungu ni shahidi wangu. Lakini nilisubiri ufe. Kila siku niliuliza habari zako, na niliposikia hujambo nilisikitika. Nyumba sina. Msibani kuna mkeka, kaka. Ndiyo sababu."

Klara, mke wa Gaspari, aliziba mdomo kwa kitenge chake. Hosea alimtazama Damari kwa muda, mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani anakata roho kweli. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, akaletewa maji, akayasukuma pembeni.

"Baba, ametuletea mkosi," alisema Gaspari.

"Mkosi gani? Nimeumwa miezi mitatu. Wanangu mmenipa dawa, mmenipa supu, Mungu awabariki. Lakini kwamba nilikuwa mtu mwema, nimelisikia leo, kwa Damari. Ni nani mwingine hapa amewahi kusikia atakavyoliliwa?" Akawageukia wageni, akanyoosha mgongo. "Wakwe zetu, msihofu. Kwetu hapa mtu akililiwa angali hai, miaka yake huongezwa. Hiyo ni baraka ya ndoa hii."

Mila kama hiyo Unyambwa haipo. Mzee aliitunga pale pale. Lakini nani wa kumbishia mzee aliyeletewa mahari? Mzee mmoja wa Ikungi akapiga paja lake akasema, basi huyu mama aje na kwetu atulilie, maana nasi tunaihitaji hiyo miaka. Watu wakacheka, na yule shangazi wa bwana harusi akalazimika kucheka nao.

Hosea akainama kwa Damari. "Nguzo za nyumba ya mama yako nilizikata mimi. Ziko wapi?"

"Ziko chini ya kifusi, kaka."

"Ni mpingo zile. Mpingo hauozi kwa mvua ya mwaka mmoja." Akachukua chupa yake. "Klara, mpe dada yangu kiti. Mpe na pilau, tena umwekee nyama."

Damari alikula. Alimshukuru Klara, akamshukuru aliyemnawisha, akamshukuru hata Gaspari aliyekuja kumwekea soda miguuni bila kuthubutu kumtazama usoni. Siku hiyo alilala kwa Agripina, na hakuruhusiwa kuosha hata kijiko.

*

Jumapili baada ya misa kikundi kilikaa nyuma ya kanisa. Klara, ambaye ndiye mweka hazina, alizungumza kwa uchungu, lakini alizungumza ukweli.

"Katiba yetu inasema mwanachama huchangiwa akifiwa na mzazi, mume au mtoto. Shangazi wazazi walitangulia kabla kikundi hakijaanza. Mume hana, mtoto hana. Hatuna kifungu, akina mama. Nimetafuta."

Kila mmoja alikuwa anakumbuka msiba wake, na katika kila msiba kulikuwa na Damari ameshika mwiko. Miaka yote alitoa unga, akatoa kuni, akatoa mchango wake kila mwezi hata kama ni kwa kuuza kuku wake wa mwisho. Na hakuna aliyewahi kujiuliza ni lini Damari naye atachangiwa, kwa sababu mtu asiye na wa kufiwa naye hapati rambirambi.

"Kwa hiyo," alisema Agripina, "tumekula mikono yake miaka yote hii, na malipo hayana mlango wa kuingilia."

"Mwenyekiti, sijasema hivyo."

"Hujasema, ila ndivyo ilivyo. Sasa mimi nasema hivi. Damari amefiwa. Nyumba yake imekufa. Ilikufa Aprili, ikalala pale mbele ya macho yetu, tukapita tukampa pole ya mdomo tukaenda zetu. Nyumba iliyomlea, iliyomtunzia siri zake, iliyokaa naye kuliko mume yeyote alivyokaa na mmoja wetu. Hatukuiwekea matanga. Tumechelewa, lakini marehemu hana haraka. Jumanne msiba uko kwa Damari. Kila mtu alete kama anavyoletaga msibani. Mwenye swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Damari, aliyekuwa amekaa nyuma, alitaka kusimama kushukuru, akafungua mdomo, na yeye aliyekuwa na asante kwa kila kitu akakosa ya kuanza nayo.

*

Jumanne turubai likafungwa kwenye kiwanja cha Damari, juu ya magugu. Mikeka ikatandikwa, mabenchi yakaja. Damari akakalishwa mkekani, akafunikwa khanga kichwani na mabegani, na watu wakaanza kufika. "Pole sana, Shangazi." "Pole, Shangazi, ni mipango ya Mungu." Kila aliyempa mkono alidondosha chochote kwenye beseni. Alijaribu kuinuka aende jikoni, Agripina akamkaripia kutoka huko huko.

"Keti! Mfiwa hapiki."

"Nichochee kuni tu."

"Mfiwa hachochei."

Ugali ulipoletwa, Damari aliubonyeza kwa kidole. Aliyeusonga ni Sara, na ulikuwa na madonge. "Mwenyekiti, huu ugali..."

"Mfiwa hasemi!"

Akaula. Kuhudumiwa kulimchoma kuliko alivyochomwa na banda la mashudu, maana bandani alikuwa hamdai mtu wala hadaiwi. Machozi yalimtoka juu ya sahani, na jirani yake mkekani akamfuta kwa ncha ya khanga, kama ambavyo yeye aliwafuta wengine. Hapo akaacha kupigana. Alikuwa hajui kwamba mtu akikubali kupewa anapumzika namna ile.

Wanaume walifika na majembe na sururu kama wanavyofika siku ya kuchimba kaburi. Gaspari alikuwa mbele. Alisimama mbele ya Damari, akavua kofia. "Shikamoo, Shangazi. Tuchimbe wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mlango wa mama ulikuwa unatazama kule mawio."

Wakaanza na kifusi. Nguzo zilitoka nyeusi, nzima, na mzee Hosea, aliyeletwa na kiti chake, alitaka kila moja ipitishwe kwake aiguse. "Hii ilinimaliza panga," alisema. "Na hii nusura inivunje mguu." Alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na rika lake.

Mchana, kwenye uzio wa jirani, kilio kikapanda. Watu wakashangaa, maana walioalikwa walijua ni msiba wa namna gani. Alikuwa Rahel, mikono kichwani, na nyuma yake Nathanaeli anajikwaa kwa machozi. Mtu alikuwa amewafikishia habari sokoni kwamba kwa Shangazi Damari kuna msiba, na wao wangeelewa nini kingine?

"Shangazi wangu!" alilia Rahel. "Shangazi uliyewaosha wanangu na kuwaimbia! Nilikunyima sebule, Shangazi, sebule ya watu! Nani atanisamehe sasa?"

Damari alimsikiliza mpaka akamaliza. Mungu amsamehe, alikuwa anafaidi. Alipomwona ameingia chini ya turubai, akatoa kichwa kwenye khanga.

"Rahel," akasema, "mimi nimekufa lini?"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika, wanasema, hadi mashineni kwa Antipasi. Hosea aligonga mkono wa kiti chake kwa furaha. Rahel alianguka mapajani kwa Damari akalia upya, na Damari akampapasa mgongo akimwambia, "Basi, mwanangu. Sikuondoka kwa hasira. Basi." Nathanaeli alifuta uso kwa kiganja, akavua shati, akaenda kushika sururu karibu na Gaspari.

Msiba ule ulikuwa mrefu kuliko wote kijijini, kwa kuwa Agripina alikataa matanga yaanuliwe kabla paa halijakaa. Udongo wa kuta za zamani ulikandwa upya ukawa matofali, nguzo za Hosea zikasimama mahali pake, na beseni la rambirambi likanunua mabati. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na jiko dogo la pembeni. Bati moja lina kutu, na dirisha limekaa upande kidogo kwa sababu Nathanaeli ni muuza vitunguu, si fundi.

Jioni msumari wa mwisho ulipopigwa, akina mama walikunja mikeka. Mabenchi yakapandishwa mkokotenini. Damari naye, kwa mazoea ya mwili, akakusanya blanketi lake, bakuli lake na jembe, ambalo sasa lilikuwa na mpini mpya wa Gaspari, akafunga kifurushi, akajitwika, akaenda kusimama njiani pamoja na wenzake.

Agripina alimtazama. "Unaenda wapi?"

"Si matanga yameanuliwa?"

"Yameanuliwa. Wanaoondoka ni sisi."

Damari aligeuka akaitazama nyumba. Aligeuka tena akawatazama wale wanawake, wote, na alichosema hakikuwa kirefu. "Asanteni," alisema. "Asanteni kwa kufiwa nami." Agripina akakohoa, akasema vumbi la hapa ni baya, akamshusha kifurushi kichwani na kumpokeza mkononi. Wakaondoka, wanabishana njia nzima kuhusu madonge ya Sara.

Walikuwa wamemwachia sufuria moja chafu, ambalo Agripina alisema atalifuata kesho. Damari alichota majivu, akachuchumaa. Kwa mbali ngurumo ilipita upande wa ziwa Singidani. Alilisugua haraka haraka mara hii, hata hakuyamaliza masizi ya chini, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na alitaka kuingia ndani.